Mkia wa Kilemba

Siku ile ilikuwa ya soko, na nyumba yetu ilinuka Mwanza. Ndivyo mume wangu Salvatori alivyosema kila magunia ya dagaa yalipoteremshwa uani: "Leo nyumba inanuka kwenu." Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Aliwanunua mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, akawapakia kwenye lori, akavuka nao hadi mji wetu mdogo wa mlimani, upande wa Muyinga, Burundi. Ndivyo tulivyokutana. Mimi nilikuwa binti wa Mwanza niliyeshona midomo ya magunia pale mwaloni, yeye mnunuzi. Mama yangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na miaka ile ya biashara huria kila mtu mtaani kwetu alitafuta pa kushika. Mimi nilimshika Salvatori, nikamfuata kwao.

Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule. Binti yetu Kabula, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa, alikuwa kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Nilimpa jina la kwetu kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Wifi yangu Konsolata, dada mkubwa wa Salvatori, hakulitumia jina hilo hata siku moja. Alimwita Kaneza.

Konsolata alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Mume wake alimwacha, naye akarudi kwao kuishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Kwenye ukoo wao, shangazi ndiye anayemweka mtoto mgongoni kwa mara ya kwanza siku anapotolewa nje, na kuanzia siku hiyo ana haki ya kumchukua wakati wowote bila kuomba. Kwetu Usukumani sikuikuta desturi hiyo, na sikuwahi kuizoea.

"Wifi, wewe shona, nipe mtoto," alisema siku ile, akiwa ameshainama.

"Ndiyo kwanza anataka kulala."

"Hataki kulala. Ananiangalia mimi."

Na kweli alikuwa anamwangalia. Konsolata alifunga kilemba kirefu cha kitenge cha bluu, na alikiacha kining'inie nyuma ya shingo kama mkia. Kabula akiwekwa mgongoni kwake alikuwa anaushika mkia ule, anauvuta kidogo, kisha macho yanafumba. Kwangu hakuwa na cha kushika. Kwangu alihangaika, akapiga teke, akalala akiwa amechoka kulia.

Salvatori alipita na gunia begani akatuona tumesimama hivyo, mmoja na mtoto, mwingine na uzi mdomoni. "Mtoto huyu ana mama wawili," alisema. "Mimi nimebaki baba nusu." Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa sababu wao walicheka.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka ikiwa nzima. Ilikuwa mwaka 1993, mvua za vuli zimekaribia.

Asubuhi moja katika wiki ile redio haikusema kitu. Baadaye dereva wa lori alifika kwa miguu, bila lori, akasema rais ameuawa na barabara zimezibwa kwa miti iliyokatwa. Watu walifunga maduka. Kufikia siku ya pili moshi ulionekana kwenye kilima cha ng'ambo, ambako waliishi wazazi wa Salvatori.

Sitaandika hapa nani alikuwa kabila gani. Waliokufa nawajua kwa majina, na baadhi ya waliowaua nawajua kwa majina, na majina yananitosha.

Salvatori aliamua kwenda kuwachukua wazazi wake. Alichukua gunia tupu la dagaa la kubebea vitu vyao. Alimshika Kabula unyayo kwa kiganja chote, kama mtu anayepima kiatu. "Tangulieni mpakani," alituambia mimi na dada yake. "Nitawakuta njiani."

Kabula alikuwa mgongoni kwangu. Konsolata alinyoosha mikono kumchukua, nikasema hapana. Siku hiyo nilikuwa nimeamua.

Tulipita kwenye migomba ili tusionekane barabarani.

Wanaume walitokea mbele yetu. Mmoja alikuwa mteja wangu. Suruali aliyovaa niliipunguza mimi.

Walitusogelea.

Niliona rungu likija, na halikuwa linakuja kwangu. Lilikuwa linakuja kichwani kwa mtoto.

Niliweka mkono.

Mfupa niliusikia kabla ya maumivu.

Kisha risasi zikalia upande wa barabara. Hatukujua ni za nani. Wale wanaume nao hawakujua, wakakimbia.

Konsolata aliniburuta hadi kwenye matete bondeni. Hakunibembeleza. Alifungua fundo la mbeleko kifuani pangu, akamtoa Kabula, akamfunga mgongoni kwake. Kisha akavua kile kilemba cha bluu, akakikunja mara mbili, akakipitisha chini ya mkono wangu uliokuwa umepinda pasipo na kiungo, akakifunga shingoni.

"Simama," alisema. "Ukikaa hapa nitawabeba wawili, na siwezi."

Nikasimama. Kabula alikuwa analia, akipapasa shingo ya shangazi yake akitafuta mkia ambao sasa ulikuwa umefungwa kwangu. Nitasema ukweli wa jinsi kichwa cha binadamu kinavyofanya kazi: mkono umevunjika, mume yuko kwenye moshi, na mimi nilichokuwa nafikiria ni kwamba Konsolata amempata mtoto.

Salvatori hakutukuta njiani. Tulimsubiri mpakani hadi walinzi walipotusukuma tuvuke. Tulimsubiri kambini upande wa Ngara, kwenye turubai, tukiuliza kila aliyefika. Wengine walisema amepita njia ya kusini. Wengine walituangalia tu, wakamwangalia mtoto, wakasema Mungu yupo.

Mkono wangu ulitibiwa kwa haraka kambini, maana waliokuwa na majeraha mabaya zaidi walikuwa wengi. Ukaanza kuunga vibaya. Mimi ni Mtanzania na nina kwetu, kwa hiyo tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa linarudi Mwanza tupu. Tulivuka kwa kivuko cha Busisi mchana, ziwa limetulia, samaki wanakaangwa gatini kama kawaida. Nilishangaa watu walivyokuwa wanabishana juu ya ukubwa wa sato.

Mama yangu alikuwa anaishi Butimba, kwenye nyumba ndogo iliyoegemea jiwe lenye ukubwa wa nyumba tatu. Baada ya kiwanda kumpunguza alikuwa anauza mitumba soko la Mlango Mmoja. Tulipofika alikuwa anafungua robota la nguo uani. Nilisema, "Shikamoo mama," akaangusha nguo zote alizoshika.

Majirani walikuja kutupa pole. Mama mmoja alimshika Konsolata mabega akamwambia, "Pole mama, safari yote hiyo na mtoto mchanga!" Kisha akanigeukia. "Na wewe dada, pole na mkono."

Konsolata alimsahihisha haraka. Lakini neno lilishatoka, na kwa mtu yeyote aliyetutazama lilikuwa la kweli. Mtoto alikuwa mgongoni kwake asubuhi hadi jioni. Akilia njaa, Konsolata ananiletea, ananyonya, anashiba, kisha anageuza uso na kumnyooshea shangazi yake mikono. Mimi nilikuwa chakula, na Konsolata ndiye aliyekuwa nyumbani kwake. Mtoto alipoanza kutamka, hakuitikia Kabula. Ukimwita Kaneza, anageuka.

Usinielewe vibaya. Konsolata alifua nguo zangu, alinichana nywele, alinikatia nyama sahanini. Kila wema wake ulikuwa na maana kwamba mimi siwezi. Mtu anayekufanyia kila kitu kwa upendo anaweza kukuchoma kuliko adui, na huna hata pa kulalamikia.

Hospitali waliuvunja tena mfupa ili waupange upya. Wakanifunga hogo, ile bandeji ya chokaa inayokauka ikawa ngumu, na walipoitoa baada ya muda mrefu mkono ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Kiganja kilining'inia. Vidole viliweza kubana lakini havikuweza kunyooka. Nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bwana Rwegasira, Mhaya mrefu aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Lini nitambeba mtoto wangu?" nilimuuliza kabla ya kukaa.

Aliushika mkono wangu, akaugeuza taratibu. "Dada, mkono huu una mimba. Una miezi yake. Ukiuharakisha utazaa njiti."

"Mtoto atakuwa anatembea."

"Basi utamshika mkono."

Alicheka, mimi sikucheka, akaacha kucheka. Akanipa kile kitambaa cha pembe tatu ambacho wauguzi hukitumia kuning'iniza mkono, akanifundisha kukifunga. Siku hiyo nilimrudishia Konsolata kilemba chake. Alikifua mara mbili, akakianika juu ya jiwe, akakifunga kichwani kikiwa bado na unyevu. Kabula alipouona mkia aliurukia kama mtu aliyekutana na ndugu stesheni. Akalala saa ileile. Mimi nilikwenda nyuma ya jiwe nikakaa huko mpaka mama aliponiita kula.

Hapo ndipo nilipoamua kushona kibebeo changu mwenyewe. Nieleze vizuri, maana huenda siku moja ukahitaji, na si kazi ngumu kama inavyoonekana.

Mkono una uzito kuliko unavyodhani. Ukiwa mzima huusikii, kwa sababu bega linaubeba bila kukuambia. Ukivunjika unakuwa mzigo kama mzigo mwingine wowote, na mzigo unataka mahali pa kukaa. Kitambaa cha pembe tatu kinaukalisha shingoni. Kwa siku chache ni sawa. Kwa miezi, shingo inauma, kichwa kinauma, na mtu anaanza kutembea ameinama upande. Kwangu kulikuwa na ubaya mwingine: fundo la shingoni linakaa pale pale ambapo uso wa mtoto aliyebebwa mgongoni unalala, na mkono wenyewe unakaa kifuani pale pale ambapo mbeleko inafungwa. Kwa mama mwenye mtoto, kitambaa kile ni kama mlango uliofungwa.

Kwa hiyo nilitaka kibebeo kisichogusa shingo, kinachouacha mkono chini kidogo ya fundo la mbeleko, na ambacho ningeweza kukifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Hilo la tatu daktari hakuniagiza. Sikutaka tena kusema, "Wifi, naomba unifunge."

Cha kwanza nilikishona kwa suruali ya kaki kutoka kwenye robota la mama. Nilifanya mfuko wa kulaza mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, nikauning'iniza kwenye mshipi wa kiunoni tu. Nilijivuna nacho kutwa nzima. Jioni vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu. Bwana Rwegasira alinibonyeza ukucha, akaniambia nitazame rangi inavyochelewa kurudi.

"Kiganja kikae juu ya kiwiko," alisema. "Maji hayapandi mlima, damu nayo ni mvivu. Lakini usikitupe. Mfuko wako ni mzuri, umeshika kiwiko vizuri kuliko kitambaa chetu. Kosa ni mteremko tu. Rudi ukarekebishe."

Ningekata tamaa siku ile kama angesema neno lingine.

Cha pili kilikuwa na ukanda mpana uliotoka kwenye kiwiko, ukapanda bega la upande mzima, ukashuka mgongoni kwa mshazari hadi kiunoni. Hapo uzito ulikaa begani na kiunoni, shingo ikawa huru. Lakini ukanda uliopita mgongoni utalaliwa na mtoto, na mshono ulikuwa na ukingo. Ili kuujaribu nilimwomba mama anifunge mgongoni mfuko wa mchele.

Nilikuwa nazunguka uani na mchele wangu Konsolata alipotoka ndani, Kabula mgongoni, mkia wa kilemba mkononi mwa mtoto.

"Wifi," aliuliza taratibu, "mchele umelala?"

Mama aliangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Usipige kelele, utauamsha," Konsolata aliongeza.

Nilitaka kumrushia ule mchele. Lakini usiku niliupapasa mgongo wangu, nikakuta mstari mwekundu mahali mshono ulipopita, nikajua kwamba kama ungeniumiza mimi ungemchubua mtoto. Kesho yake nikaufumua ukanda wote, nikaushona tena kwa kuulaza mshono upande wa nje, nikaufunika kwa kipande cha shuka la zamani. Huo ni ushauri ninaowapa hadi leo wasichana ninaowafundisha: usiliamini jicho, uamini mgongo.

Kilibaki kifungo. Nilijaribu fundo, nikajaribu vishikizo, nikajaribu ndoano za sidiria. Vyote vinataka mikono miwili. Siku moja mama alirudi kutoka Mlango Mmoja na mkoba wa mtumba wa mgongoni, wa watoto wa Ulaya, ambao zipu yake ilikuwa imekufa na hakuna mteja aliyeutaka. Kiunoni ulikuwa na kifungo cha plastiki cha kusukumia ndani kikalia *ta*. Nilikisukuma kwa mkono mmoja. *Ta.* Nikakifungua kwa dole gumba, nikakisukuma tena. Mama aliniambia niache, namuumiza kichwa. Sikuacha.

Bwana Rwegasira alipokiona aliniomba nikivue na kukivaa mbele yake mara kadhaa. Kisha akamwita mgonjwa mwingine, mvuvi wa Ukerewe aliyeumizwa na winchi, akamvika. Mvuvi akafunga mwenyewe. *Ta.* Akatabasamu kama aliyepewa mtumbwi.

"Umewezaje kufikiria la mkono mmoja?" Bwana Rwegasira aliniuliza. "Sisi huwa tunawaza mkono mbovu tu. Huu mzima tunausahau."

Nikamwambia nilifikiria tu. Angeelewa nini kama ningemwambia kwamba kila kona ya kibebeo kile iliwekwa na wivu? Ukanda ulikaa begani kwa sababu nilitaka shingo yangu iwe mahali pa mtoto kulaza shavu. Mfuko niliuacha wazi mbele ili vidole vitoke, kwa sababu vidole vinavyobana vinaweza kushika ncha moja ya mbeleko wakati mkono mzima unapitisha ncha ya pili. Na kifungo kililia *ta* ili mtu mmoja aliye jikoni asikie.

Siku ya kumbeba ilipofika, ilikuwa asubuhi. Konsolata alikuwa kisimani. Nilivaa kibebeo, nikamkalisha Kabula juu ya ukingo wa lile jiwe letu, mahali palipo sawa kama kiti. Nikampa mgongo, nikainama, nikamwegemeza. Jiwe likawa mkono wangu wa tatu. Nikamfunika kwa mbeleko, nikabana ncha moja kwa vidole vibovu, nikavuta nyingine kwa mkono na meno. Nikafunga. Nikasimama.

Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka.

Alianza kulia mara moja. Aliita kwa sauti ile yake ya kuita shangazi. Alipapasa shingo yangu huku na huku, akitafuta. Nikatembea. Nikaimba wimbo wa Kisukuma, akalia zaidi. Nikasema, "Hora, hora," kama Konsolata alivyombembeleza kwa Kirundi, akanyamaza kidogo kusikiliza, kisha akaendelea. Mkono wake ukateremka begani kwangu. Pale ukanda ulipoishia kwenye mfuko palikuwa na kipande kilichozidi, kirefu kama kidole, ambacho sikuwa nimekikata kwa sababu mkasi ulikuwa butu. Akakishika. Akakivuta. Akakivuta tena, taratibu.

Akalala.

Nilisimama katikati ya ua bila kuthubutu kupumua. Nilipogeuka, Konsolata alikuwa mlangoni na ndoo kichwani.

"Amelala," alisema.

"Amelala," nikasema.

Nitakuambia nilivyojisikia: nilishinda. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Nilizunguka ua mzima makusudi, nikapita mbele yake, nikapita tena. Alitua ndoo, akaanza kumenya viazi. Hakunitazama.

Siku chache baadaye, alfajiri imeshapambazuka, nilimkuta amefunga vitu vyake kwenye kitenge. Alikuwa amepata nafasi kwenye lori la dagaa linalokwenda mpakani. Aliniambia anakwenda kumtafuta Salvatori.

"Leo? Kwa nini leo?"

"Nilikuwa nasubiri uweze kumbeba."

Miezi yote ile nilidhani ananinyang'anya mtoto, kumbe mguu wake mmoja ulikuwa njiani.

"Ungeniambia, wifi."

"Ningekuambia ungeharakisha, ukauharibu mkono." Aliugusa mfuko wa kibebeo, akakisawazisha kiwiko, ingawa kilikuwa kimekaa sawa. "Halafu, mimi ningeondokaje haraka, na nilikuwa nambeba?"

Mama alimsihi asubiri kutulie. Alijibu kwa heshima, "Mama, nikisubiri kutulie nitakuta majani matupu." Alimpigia mama magoti kidogo, kwa desturi yao. Kisha alimshika Kabula unyayo kwa kiganja chote. Sijui kama alimwona Salvatori akifanya hivyo, au ni jambo la damu yao.

Tulimsindikiza hadi barabarani. Kabula alikuwa mgongoni kwangu, na mkia wa kilemba ulipopanda kwenye lori alinyoosha mikono yote miwili. Lori likaondoka. Hata hapo, niamini, nilimwonea wivu. Alikuwa na miguu ya kwenda kumtafuta mume wangu, na mimi nilikuwa na mtoto wa kunizuia. Nilikuwa nimepata nilichopigania na nikakitamani alichokwenda nacho yeye.

Kabula alilia kwa siku nyingi. Alimtafuta kila mwanamke aliyepita na kilemba. Baadaye akaanza kuitikia jina la Kabula. Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Madereva wa dagaa walituletea habari mwanzoni. Mmoja alimwona mwanamke mwenye kilemba kirefu cha bluu akiuliza watu kwenye kizuizi. Mwingine alisikia ameonekana kwenye kilima cha wazazi wake. Halafu vita vile vikaendelea na vikaendelea, barabara zikafungwa, na mwaka 1994 nchi nyingine ya jirani ikawaka pia, na ziwa letu lenyewe likaletewa maiti na mto, watu wakaacha kula samaki. Hakuna dereva aliyesema tena neno juu ya Konsolata. Salvatori sikupata hata uvumi.

Bwana Rwegasira aliniletea wagonjwa. Kwanza majeruhi waliopelekwa Mwanza kutoka kambini, wengi wao wanawake, wengi wao wenye watoto. Nilimpima kila mmoja kwa kamba, kiwiko hadi kifundo, bega hadi kiuno, na nilimwuliza kila mmoja anatokea wapi. Kisha wakaja watu wa ajali, wajenzi walioanguka, wavuvi, na miaka ya karibuni vijana wa bodaboda. Nina wasichana watatu wanaoshona nami sasa, na yeyote anayekuja na uvumilivu namfundisha. Makosa niliyofanya ninawaonyesha kwanza, pamoja na kile cha kaki.

Mkono wangu hadi leo haunyooki kabisa. Kabula ni mtu mzima, ana watoto wake Misungwi. Hakumbuki lolote. Nimemweleza yote, na mara moja aliniuliza, "Mama, kumbe mimi nilimpenda shangazi kuliko wewe?" Nikamwambia ndiyo. Ni hesabu niliyoikataa miaka mingi, na nilipoikubali haikuniua. Nikipima vilivyopotea, nakuta mume, na mkono nusu. Na mwanamke ambaye sikuwahi kumshukuru, kwa sababu siku zote alikuwa amesimama mahali nilipotaka kusimama mimi.

Juzi hospitali waliletwa wauguzi wapya. Mmoja, binti mchangamfu wa Kisesa, alikuja kuchukua vibebeo akaviangalia upande na upande.

"Shikamoo, bibi. Kazi nzuri. Ila hiki hapa begani," akashika kile kipande kirefu kama kidole, "ni kitambaa kimezidi? Nikuletee mkasi? Hakina kazi."

Msichana wangu mmoja alinitazama, maana amewahi kuuliza hivyohivyo.

"Marahaba, mwanangu," nilisema. "Uache mkia huo. Kuna mkono utautafuta."